Mtoto wa Kutoa Sumu

Wapendwa, Bwana apewe sifa humu ndani! Mmeitikia kama watu waliofunga siku tatu. Bwana apewe sifa, na huko Uyui wasikie! Amina. Sasa mmeamka.

Wengi mnanijua. Mimi ni Kabula, yule wa kwaya ya vijana anayewahi kuingia kwenye wimbo kabla ya wenzake, mnanicheka kila Jumapili. Leo chekeni nami kidogo, halafu mnisikilize. Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa kwenye pombe. Naona mnavyotazamana. Binti mwenyewe huyu, mwembamba hivi, pombe kaijulia wapi? Ndugu zangu, niliijua nikiwa darasa la tatu! Na sikufundishwa na wahuni wa stendi. Nilifundishwa na mtu niliyempenda kuliko wote duniani, babu yangu mzaa baba.

Babu yangu ni mrina asali. Ukitoka Isikizya unaendelea mbele, barabara inakuwa njia, njia inakuwa miombo, na hapo ndipo kwetu. Mizinga yake imetundikwa msituni humo tangu ujana wake. Nyuki wanamjua kuliko anavyojulikana kwa mwenyekiti wa kijiji. Asali nyingine wanauza, nyingine Bibi anapikia wanzuki. Ninyi mliozaliwa mjini, wanzuki ni pombe ya asali. Ni tamu, haikwaruzi koo, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Sasa, kwa desturi yetu mgeni hapewi pombe hivi hivi. Mwenye nyumba anaonja kwanza mbele yake, mgeni aone hakuna kitu ndani. Tunaita kutoa sumu. Wanyamwezi mliomo humu mnaijua, msijifanye watu wa Dar. Lakini ukoo wetu ulikuwa na lake. Kwetu aliyeonja hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mtoto.

Babu alitusimulia ilivyoanza. Zamani za misafara, njia ya kwenda Ujiji ilipita jirani na kwao. Wapagazi walifika wamechoka, wageni wa kila kabila, hakuna anayemwamini mwenzake. Hata mwenye nyumba akionja, wageni walisema, huyu keshakunywa dawa ya kuzuia sumu. Basi mzee wetu mmoja akamwita mwanawe mdogo, akampa kata ya pombe, mtoto akanywa. Nani atamlisha sumu mwanawe? Wageni wakanywa, wakalala salama, wakaenda na sifa za mji ule mpaka pwani. Tangu hapo ukoo wetu ukawa na mtoto wa kutoa sumu.

Na haikuwa mtoto yeyote tu! Mtundu hachaguliwi. Mwongo hachaguliwi. Anayejibizana na wakubwa ndiyo kabisa asahau. Babu alikaa akiwatazama wajukuu zake likizo nzima, nani anaamkia vizuri, nani akitumwa haendi kucheza njiani. Halafu akanichagua mimi. Jamani, nilivimba kichwa! Bibi alinifunga khanga yake ya sanduku, nikanawishwa mikono, nikapiga magoti mbele ya wazee na kata mkononi. Nikanywa. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Babu akasema, "Huyu ni damu yangu." Hakuna zawadi niliyowahi kupewa iliyonifurahisha kama maneno hayo.

Mtauliza, wazazi wako walikuwa wapi? Walikuwepo, na walikuwa watu wa kanisa! Nyumbani kwetu Chemchem, huku mjini, hata chupa ya bia haikuvuka kizingiti. Baba alikuwa akikemea ulevi mpaka mishipa inamtoka shingoni. Lakini ile ya kijijini haikuhesabika kuwa pombe. Ilikuwa heshima. Kuonja si kunywa, ndivyo tulivyosema wote, na ndivyo shetani alivyopata mlango usio na komeo.

Kila likizo nilionja. Wakija wageni asubuhi, naonja. Wakija wengine jioni, naonja tena. Mwaka alioolewa shangazi yangu walikuja watu kutoka kila upande, kila kundi na kibuyu chake, kila kibuyu na magoti yangu. Nakumbuka ngoma. Nakumbuka nilitaka kucheka nikashindwa kufunga mdomo. Baada ya hapo sikumbuki kitu mpaka nilipofumbua macho kwenye kituo cha afya, chupa ya maji inaning'inia juu yangu, na muuguzi anamfokea Bibi kwamba mtoto huyu alikuwa anakwenda hivi hivi. Nilikuwa nimepakiwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili kama gunia la karanga. Tuliporudi wazee wakasema mtoto kazidiwa na jua. Jua! Likizo iliyofuata nikapewa kata yangu kama kawaida.

Na mimi niliipokea kwa mikono miwili, ndugu zangu, maana nilikuwa ninaisubiri. Hapo ndipo pa kutisha. Watoto wenzangu walihesabu siku za Krismasi, mimi nilihesabu siku za kwenda kwa Babu, na sikuwa namtamani Babu tena. Nilitamani ile kata. Nilipofika darasa la sita likizo zikaanza kuwa mbali mno. Nyuma ya baa moja mtaani kwetu palikuwa na uwanja wa kuwekea kreti za chupa tupu. Nikitoka shule napitia pale, nainamisha chupa moja moja, nakusanya mabaki ya watu kwenye kifuniko cha chupa yangu ya maji. Bia ya jana, imelala, ina majivu ya sigara. Nakunywa! Mtoto wa mzee wa kanisa, mtoto mwenye adabu kuliko wote ukoo mzima, nakunywa mate ya walevi. Darasani nikawa nasinzia. Nilikuwa wa kwanza kwa hesabu, nikawa siwezi kukumbuka jedwali la saba. Mama akiniuliza namjibu kwa uongo, na uongo ulinitoka bila hata kupepesa macho.

Sasa niwaambie Mungu alivyofanya. Hakumtuma mchungaji, Mchungaji unisamehe. Hakumtuma mtu wa humu kanisani. Alimtuma Bi Zuhura.

Bi Zuhura ni jirani yetu ukuta kwa ukuta. Ni Mwislamu wa mji huu tangu mababu zake, mshona kofia. Alasiri watoto wa mtaa mzima, wa msikitini na wa kanisani, hukaa barazani kwake wakimtungia uzi kwenye sindano, naye anawafundisha adabu kwa bei ya kashata. Ulimi wake una pilipili. Ukipita bila kumwamkia anakuuliza kama mdomo umeuacha shuleni.

Siku hiyo alikuwa amekatisha nyuma ya baa kwenda kwa mteja wake, akanikuta na chupa mdomoni. Nikasubiri kelele. Nikasubiri kofi. Bi Zuhura hakupiga kelele. Alinitazama mpaka chupa ikanitoka mkononi, akanishika kiganja, akanifunika kichwa na upande wa baibui lake watu wasinione, akanipitisha mtaa mzima hivyo hivyo mpaka kwake. Akaninawisha uso. Akanipa uji. Ndipo akaniuliza, "Nani alikupa ya kwanza?"

Nikasema, "Babu."

"Babu yako mlevi?"

"Hapana! Babu ni mtu mzuri."

Nikamweleza yote, kutoa sumu, magoti, khanga ya sanduku. Alisikiliza huku anashona, wala hakumtukana Babu hata kwa neno moja, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Aliuliza jambo moja tu. "Kabla yako, mtoto aliyechaguliwa alikuwa nani?"

Ndugu zangu, swali hilo hakuna aliyewahi kuliuliza katika ukoo wetu! Kabla yangu alikuwa mdogo wa mwisho wa baba yangu, Baba Mdogo Luhende. Na Baba Mdogo Luhende ni nani? Ndiye mlevi wa kijiji. Ndiye anayelala mtaroni, watoto wanamrushia magunzi. Mke alimkimbia. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namcheka na mimi. Tukiulizana kwa nini yuko vile, jibu lilikuwa moja, karogwa. Kumbe hakuna aliyemroga. Alikuwa mtoto mwenye adabu kuliko wenzake.

Nililia mpaka kamasi likaniingia kwenye uji.

Bi Zuhura akanifundisha, na alifundisha kama anavyoshona, tundu kwa tundu. Aliniambia kichwa cha mtoto ni nyumba ambayo fundi bado yuko kazini, tofali halijakauka, na pombe ikiingia humo inalowanisha kuta kabla ya lipu. Mtu mzima inamwangusha, mtoto inamharibu akiwa bado anajengwa. Kumbukumbu, hasira, hamu, vyote bado vinawekwa mahali pake. Aliniambia sina laana wala si mtoto mbaya. Ile hamu niliyokuwa nayo nilitiliwa mwilini kidogo kidogo kwa kata, tena kwa mapenzi. Sijui kama mnaelewa uzito wa kuambiwa hivyo ukiwa mtoto unayejichukia.

Jioni akanipeleka kwa Mama, akakaa naye chumbani. Mama alitoka macho mekundu. Baba akauliza tu, "Nani atamwambia Mzee?" Maana hapo ndipo kazi ilipokuwa! Mama ni mkwe, na mkwe kwetu hata kumtazama baba mkwe usoni ni tabu, sembuse kumfundisha. Baba naye kwa baba yake ni mtoto. Wakaamua nisipelekwe tena kijijini, basi.

Bi Zuhura akacheka kicheko chake kile kibaya. "Mtamficha huyu. Na yule mdogo wake? Kata haitakaa bila mtu wa kuishika."

Kweli. Nyuma yangu alikuwepo Nyanzala, binti wa shangazi mwingine, mpole kama nini. Babu alishaanza kumsifia.

Basi Bi Zuhura akaanza kunifundisha jambo ambalo sijalisikia kwenye mahubiri yoyote. Sisi tunawaambia watoto pombe ni dhambi, pombe ni mbaya, semeni hapana. Je, mtoto wa Kinyamwezi anajua kumwambia babu yake hapana? Tangu anatambaa tumemfundisha mkubwa akikupa, pokea! Tena kwa mikono miwili! Halafu tunamlaumu kapokea. Bi Zuhura akawaweka watoto wote barazani, akavaa kofia aliyokuwa anashona, akakunja sura, akakohoa kizee, akamimina juisi ya ukwaju kwenye bakuli. "Haya, mjukuu wangu, onja!" Sisi hoi kwa kicheko. Lakini hakututoa pale mpaka kila mtoto ameweza. Unapiga magoti. Unaamkia. Unapokea bakuli kwa mikono miwili ili mkubwa asiaibike. Unaliweka chini mbele yake, taratibu, lisimwagike. Unasema, "Ahsante Babu, mimi bado mtoto, pombe sinywi." Halafu hukimbii! Unabaki umepiga magoti mpaka akuruhusu. Alisema anayekimbia kakosa adabu, na anayebaki kamwachia mkubwa nafasi ya kufikiri.

Wenzangu walikuwa wanacheza, mimi nilikuwa najua nitamkataa nani. Nilimpenda Babu. Niliogopa siku nitakayoliweka lile bakuli chini, hatanitazama tena kwa jicho lile. Mungu ni shahidi, niliogopa hilo kuliko nilivyoogopa kufa. Nikawa naomba hapa hapa kanisani, benchi la watoto, naomba kwa maneno ya kitoto. Mungu, niondolee hii hamu, lakini usiniondolee Babu.

Likizo ikafika. Kwa ajili ya Nyanzala, Baba na Mama walikuwa wamebadili uamuzi, tukaenda. Urinaji wa asali ulikuwa umekwisha, Babu ana wageni, wazee wenzake wamekaa kwenye vigoda uani, mchana kweupe. Akaniita. "Kabula! Njoo, mama." Bibi akanipa kata imejaa. Nikapiga magoti. Nikaamkia, wakaitika marahaba. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikaiweka chini. Nikasema yale maneno.

Jamani! Nilisikia nyuki.

Halafu wazee wakalipuka. Mmoja akasema mtoto kaharibiwa na mji. Mwingine, rafiki wa Babu tangu ujana wao, akasimama, akauliza kwa ukali, "Ina nini hiyo pombe mpaka mtoto aikatae? Umetuwekea nini?" Mnaona jambo lilipofika? Kukataa kwangu kulikuwa kunamfanya Babu aonekane mchawi mbele ya watu! Hilo sikuwa nimelifikiria, na Bi Zuhura hakuwa amenifundisha jibu lake. Nikabaki nimepiga magoti, machozi yanadondoka kwenye vumbi. Baba yangu amesimama mlangoni.

Ndipo mtu akasema kutoka kwenye uzio, "Mwacheni mtoto."

Alikuwa Baba Mdogo Luhende. Hakuna aliyejua kwamba yupo. Alikuwa amekaa chini na shati lake lililochanika bega, na siku hiyo, ajabu ya Mungu, alikuwa mkavu, hajanywa tone. Akasimama kwa kushikilia mti wa uzio. Akamtazama Babu. Akasema, "Baba, na mimi nilikuwa sitaki. Ile ya kwanza sikuitaka. Sikujua namna ya kukataa."

Alisema hayo tu, akakaa chini tena.

Wapendwa, babu yangu ni mtu mgumu. Nimemwona akichomwa na nyuki jichoni akaendelea kupiga hadithi. Siku ile niliona kidevu chake kinatetemeka. Akatoka kwenye kigoda, akainama mpaka chini nilipokuwa, akaichukua ile kata kwa mikono miwili, kama anayepokea kutoka kwa mkubwa wake. Akasimama mbele ya wageni akainywa yote. Akapangusa mdomo. Akasema, "Nimetoa sumu mimi mwenyewe. Anayeogopa asinywe. Na katika mji wangu huu mtoto haonji tena."

Yule rafiki yake alichukua bakora yake akaondoka bila kuaga, na urafiki wao ulilala kwa muda mrefu sana. Babu aliumia, najua. Lakini hakurudi nyuma. Mzee aliyekulia kwenye desturi, aliyeipokea kwa baba yake naye kwa baba yake, akaikata mbele ya wazee wenzake kwa sababu ya machozi ya watoto wawili, mmoja mdogo na mwingine mwenye ndevu. Mimi sijaona mwanaume shujaa kama yule! Na mimi hakunitupa. Jioni ile ile aliniita nikae karibu yake, akanimegea sega la asali, akanishika kichwa.

Msidhani hamu iliondoka siku hiyo. Haikuondoka! Niliomba, nikalia, nikapita mbali na zile kreti. Alasiri, saa ile ile mwili uliponidai, Bi Zuhura alinikalisha barazani na sindano. Akinishikisha kofia anasema, "Mikono ikiwa na kazi, mdomo unasahau." Mama aliomba chumbani, Bi Zuhura aliomba kwenye mswala wake, mimi katikati nashona. Kisha siku moja nikapita pale nyuma ya baa, nikafika nyumbani, nikavua viatu, ndipo nikashtuka kwamba sikukumbuka kutamani. Nilipiga kelele Mama akadhani nyoka! Utukufu kwa Bwana! Leo kofia ndiyo kazi yangu, na Nyanzala yuko sekondari, mdomo wake haujagusa kata.

Wapo wazazi humu wanaonung'unika kwamba kwenye shule ya Jumapili nawafundisha watoto wao kukataa wakubwa. Baba mmoja aliniambia nawafundisha kiburi. Shikamoo baba, nakuheshimu. Lakini siku mwanao atakapopewa chupa na mjomba kwenye sherehe, au na shemeji anayetaka kuchekesha watu, utapenda awe na adabu ya kupokea au adabu ya kuweka chini? Wafundisheni. Msiwaambie tu pombe mbaya. Waambieni inachofanya kwenye kichwa kinachojengwa, halafu wafanyisheni mazoezi mpaka waweze. Na ninyi msiwatume dukani kuwanunulia bia, msiwalambishe povu mkacheka. Povu lile hamjui linakwenda kuamsha nini.

Nimalizie, naona Mchungaji anatazama saa.

Baba Mdogo Luhende hajapona. Siwezi kudanganya mbele za Mungu. Ameacha, amerudi, ameacha tena, amerudi tena. Wengine wanasema huyu basi, mti umeshakauka. Lakini wiki hii alikuja kwetu Chemchem mwenyewe, kwa miguu yake, akasema kachoka. Jana Bi Zuhura kamnyoosha kwa maneno mpaka kaoga. Leo asubuhi Mama kamfulia shati. Na sasa hivi, wapendwa, msigeuke wote, nawaomba msigeuke, amekaa benchi la mwisho karibu na mlango.

Baba Mdogo. Shikamoo. Siku ile mimi nilikuwa nimepiga magoti, hakuna mtu mzima aliyenisemea, ukasimama wewe. Ulisema ulipokuwa mtoto hukujua namna ya kukataa. Hapa hakuna mtu wa kukulazimisha, na Mungu ninayemsema hamlazimishi mtu. Anangoja tu, na mikono yake haichoki kama yetu. Ukitaka kuja mbele tukuombee, njoo. Ukiona njia ni ndefu, kaa hapo hapo, nakuja mimi kukushika mkono.